Mililita Mbili Tu

Mimi ni mtu wa haraka. Nilizaliwa Aroi, nje kidogo ya mji wa Arua, katika nyumba ya wasichana watano, na mama alizoea kusema kwamba wanne walijifunza kungoja na mmoja alizaliwa ameshachelewa. Huyo mmoja ni mimi. Hata sasa, nikiwa nimestaafu, nikichemsha chai nasimama juu ya sufuria nikiigombeza. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue ni mkono wa nani uliofanya jambo ninalotaka kulisimulia.

Uuguzi sikuanzia darasani. Vita vya sabini na tisa vilipita, na mwaka uliofuata ukawa mbaya kuliko vita vyenyewe, tukavuka mpaka kuingia Zaire na kukaa kambini karibu miaka sita. Kambini palikuwa na zahanati ya udongo na nyasi, na tabibu mmoja mzee aliyenichukua kwa sababu nilijua kusoma na sikuogopa usaha. Usaha ulikuwa mwingi. Watu walichomwa sindano na yeyote aliyekuwa na sindano, kisha wanatujia na jipu kubwa kwenye paja au kwenye kalio, hawawezi kukaa wala kulala.

Sirinji zetu zilikuwa za kioo, kuukuu, na pistoni zake zilikuwa zimelika hadi zinavujisha hewa. Ukivuta kidogo hupati kitu. Kwa hiyo tabibu alinifundisha kuvuta pistoni hadi mwisho, kwa nguvu zote, halafu kuweka kijiti kifupi kati ya kichwa cha pistoni na ukingo wa nyuma wa sirinji ili isirudi. Kijiti hicho tulikiita askari, kwa sababu kazi yake ni kusimama pale na kutorudi nyuma. Ukishamweka askari, mkono wako uko huru, na usaha unakuja wenyewe. Nilikuwa hodari. Watu walikuwa wakifika mlangoni wanauliza, "Yule dada wa kuvuta iko?" Nami nilifurahi kuulizwa hivyo, siwezi kudanganya.

Tuliporudi nyumbani nikaenda chuoni, nikapata cheti, nikaajiriwa katika hospitali moja ya kanisa hapo Arua, chumba cha upasuaji. Huko ndiko alikonikuta daktari mgeni. Alikuwa mzungu mfupi, mkimya, aliyefanya kazi Zaire miaka mingi na kuzungumza Kiswahili cha huko vizuri kuliko baadhi yetu. Alikuja mara mbili kwa mwaka, wiki mbili kila safari, kurekebisha midomo iliyopasuka, makovu ya moto, na mabaki ya vita. Hakuwahi kupaza sauti. Mimi niliyelelewa na watu wanaopaza sauti nilidhani ni mtu dhaifu.

Sasa nimlete mgonjwa mwenyewe.

Alitoka Midia, kule Koboko karibu na mpaka, na alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita hivi. Alipokuwa wa miaka kumi na miwili, familia yake ikikimbia kuelekea Sudan, kipande cha chuma kilimwingia chini ya jicho la kushoto. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la zamani na tayari alikuwa amekufa. Mama yake ndiye aliyembeba. Kidonda kilipona chenyewe huko porini, lakini kilipona vibaya: ngozi ikashikana na mfupa, na kovu likaivuta kope ya chini ikashuka kama mdomo wa mfuko. Tangu siku hiyo jicho lile halikufunga, akiwa macho au amelala.

Na jicho lisilofunga linatoa machozi kutwa. Kwetu ukimkuta mtu analia huwezi kumpita, lazima usimame umuulize nani amefariki. Kwa hiyo dada huyu alikuwa akipewa pole kila anapokwenda. Wageni walimshika mkono sokoni, wanawake waliketi naye chini bila kuombwa. Aliniambia kwamba mwanzoni alikuwa akiwaeleza kisa chote, kisha akachoka, akawa anapokea tu pole na kushukuru. Siku moja mzee mmoja alimfuata na kuku wa rambirambi, na akamchukua. Tulicheka sana juu ya kuku yule.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Jicho lake la kulia lilikuwa limepungua nguvu tangu surua ya utotoni, linaona vivuli tu. La kushoto ndilo lililokuwa likifanya kazi, na yeye alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule na mitandio ya kina mama wa Koboko. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeshalikwaruza jicho hilo likapata doa jeupe pembeni. Daktari alimpima kwa taa yake ndogo, akasema wazi mbele ya mama yake na mbele yangu, "Kama kope haipande, jicho hii itakufa. Miaka mbili, tatu. Halafu hataona."

Dawa aliyoijua ilikuwa kulibandua kovu kutoka kwenye mfupa na kuinyanyua kope, kisha kuweka mafuta chini ya ngozi ili isishikane tena. Mafuta ya mwili wake mwenyewe, yaliyovutwa kwa sirinji kutoka pajani. Shida ni kwamba dada yule hakuwa na mafuta. Daktari alimfinya tumbo, akamfinya paja, akakuta ngozi na misuli. Akamwambia mama, "Muende naye nyumbani. Mumunenepeshe. Nikirudi, mumulete."

Mama yule alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu wa mgongo, anayesali sala zote tano na kuamuru watu kama mumewe alivyoamuru. Agizo la daktari alilipokea kama amri ya kambi. Alimlisha binti yake kama anavyolishwa mzazi aliyejifungua juzi: ufuta na karanga zilizosagwa pamoja zikawa uji mzito, kijiko baada ya kijiko, na asali, na nyama ya mbuzi, na ugali wa mhogo juu yake. Cherehani akaruhusiwa kuigusa saa chache tu, asije akayeyuka kwa kazi. Majirani walipoona mapaja yanaongezeka wakaanza kunong'ona, kisha wakaja kumpongeza mama kwa mjukuu. Mama aliwajibu kwamba mjukuu atatokea shavuni.

Miezi sita baadaye walifika wodini, na kweli kazi ilikuwa imefanyika. Mama alimfunua paja binti yake mbele yetu kwa fahari, binti akiona aibu na kuvuta leso.

Siku moja kabla ya zamu yake, daktari alimtibu mwanamume mmoja kutoka Inde, aliyekuwa na shimo kidevuni, na akanitumia mgonjwa huyo kunifundisha. Alitia maji yenye dawa ya ganzi pajani, akangoja. Akaingiza mrija wa chuma wenye ncha butu na tundu moja ubavuni, akaunganisha na sirinji ya plastiki ya mililita kumi. Kisha akairudisha pistoni nyuma kidogo sana, kama upana wa ukucha, akaishikilia hapo kwa kidole, na kuanza kuupeleka mrija mbele na nyuma taratibu. Mafuta yakaingia kidogo kidogo, ya manjano, yamekaa pamoja.

"Mililita mbili tu," aliniambia. "Usipite. Mafuta iko ndani ya vifuko vidogo, na ile vifuko iko muzima, inapumua. Ukivuta nguvu inapasuka. Utapata mafuta ya kupikia."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilielewa kabisa. Sisi tunaokula kumbikumbi tangu utoto tunajua kwamba ukimfinya sana mkononi kinachobaki ni mafuta na mabawa. Lakini nilikuwa nikimtazama daktari akivuta kwa ukucha, dakika zinakwenda, nikajisemea kwamba huyu hajawahi kuona kazi.

Kesho yake orodha ilikuwa na wagonjwa saba, na jenereta ilikuwa ikikohoa tangu asubuhi. Daktari akaamua tugawane. Yeye alisimama kichwani kwa dada wa Midia akibandua kovu, mimi nikasimama pajani na mrija na sirinji. Kati yetu palikuwa na shuka la kijani lililoning'inizwa, hakuniona mikono. Mgonjwa alikuwa usingizini.

Sirinji ya kwanza nilivuta mililita mbili kama nilivyoambiwa. Mafuta yakaja polepole. Nikangoja. Nikasikia jenereta ikibadilisha sauti, nikawahesabu wale sita waliobaki nje kwenye benchi, na hamu ikanipanda kifuani kama inavyonipanda kila siku. Nikavuta pistoni hadi mwisho. Mafuta yakaruka ndani. Nikatafuta kitu cha kuizuia isirudi, nikaona kifuniko cha sindano, nikakiweka pale. Askari wangu wa kambini alikuwa amerudi kazini. Nilijaza sirinji nne kwa muda ambao daktari angejaza moja, na nilijisikia vizuri sana.

Hatukuwa na mashine ya kuchuja. Sirinji zilisimamishwa wima, mdomo chini, katika kopo la maziwa lililojaa mchele, na baada ya robo saa vitu vinajigawa: maji na damu chini, mafuta mazima katikati, na juu mafuta yaliyopasuka, yanayong'aa kama ya kukaangia. Za mwanamume wa Inde zilikuwa na utando mwembamba tu juu. Zangu zilikuwa na kidole kizima cha mafuta ya kukaangia, damu chini, na katikati yamebaki mafuta kidogo, tena yamevurugika.

Daktari aliinua sirinji moja akaiangalia kwenye taa. "Ulivuta namna gani?" aliniuliza.

"Kama ulivyosema, dokta," nikajibu.

Hakuuliza tena. Hakukuwa na sababu ya kutoniamini, kwani nilikuwa nimefanya naye kazi safari nne. Alitumia kile kilichokuwepo. Alikiingiza chini ya kovu kwa sirinji ndogo kabisa, uzi baada ya uzi, akafunga. Tulipotoka nje kwa mama aliyekuwa akingoja kwenye baraza, alimwambia kwa upole wake, "Kazi imeenda muzuri. Lakini mafuta yake iko mwepesi, haina nguvu. Tutaona."

Mama alinigeukia mimi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake wa nyumbani baada ya mgeni kusema. "Sista, ni kweli? Mafuta ya mtoto yangu iko mubaya?"

Ilikuwa nafasi yangu, na haikuhitaji maneno mengi. Nikasema, "Dokta amesema hivyo, mama." Nikarudi ndani kumwandaa mgonjwa anayefuata.

Wiki sita za kwanza shavu lilijaa, kope ikapanda, jicho likafunga. Nilianza kujifariji kwamba huenda daktari anazidisha. Lakini kufika mwezi wa nne ngozi ilikuwa imelala tena juu ya mfupa. Alikuja wodini kuonyesha, machozi yanatiririka kama zamani, na doa jeupe lilikuwa limesogea karibu na mboni. Mwezi huohuo mwanamume wa Inde alipita kutusalimu, amenyoa kidevu kilichojaa na akikipapasa kila mara. Nilimchukia mtu yule bila kosa lolote.

Daktari alitakiwa kurudi mwanzo wa kiangazi, na safari hii ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umemshinda na alikuwa akienda kwao kupumzika. Niliandika jina la dada wa Midia juu kabisa ya orodha. Ikaja barua kutoka kwa karani wa kituo cha afya cha Koboko, mistari miwili tu: mgonjwa wenu hatakuja, mama yake anasema mwili umekataa, na kwamba Mungu hakutaka, na hawezi kumkata tena mtoto bure.

Nilikaa na barua ile wiki nzima kwenye mfuko wa sare yangu. Niliona aibu, na aibu kwangu inatoka kama hasira, basi wiki ile niliwagombeza wahudumu wote, nikamgombeza hadi padri aliyekuja kubariki wodi akanikanyagia sakafu mbichi. Nilijaribu kujiambia kwamba mafuta huyeyuka kwa sababu nyingi. Ni kweli, huyeyuka. Lakini niliona kwa macho yangu kopo lile la mchele, na mama wa watu alikuwa Midia akiamini kwamba amemzaa mtoto mwenye mwili mbaya.

Daktari alipofika nilimwambia kabla hajafungua sanduku. Nilimwambia yote, hadi kifuniko cha sindano. Alivua miwani akaifuta.

"Mimi nilimwambia ule mama bongo, maneno ya uongo," alisema mwishowe. "Kwa kinywa yangu. Wewe ulisimama pale ukaniacha niseme."

"Ndiyo, dokta."

"Mulete. Safari hii iko na siku tisa tu."

Ningependa angenitukana.

Kesho yake nilipanda gari la chanjo hadi Koboko, na kutoka hapo nikakodi baiskeli iliyonipeleka Midia kwa njia ya vumbi. Nilimkuta dada kwenye baraza ya nyumba yao, ameinamia cherehani, uso wake umekaribia kitambaa kiasi kwamba nilihofia sindano ingemchoma pua. Mama alikuwa akipepeta ufuta uani. Walinipokea kwa furaha ya kweli, jambo lililonizidishia adhabu. Walinitandikia mkeka, wakaleta maji, wakauliza watu wa Arua mmoja mmoja. Nikaona nikiendelea kusalimiwa nitaondoka bila kusema.

"Mama," nikasema, "mafuta ya mtoto hayakuwa mabaya. Yalikuwa mazuri kabisa. Ni mimi niliyeyaua."

Nikaeleza. Nilikuwa na sirinji mpya kwenye mkoba, nikaitoa, nikawaonyesha upana wa ukucha, na nikawaonyesha pale nilipoifikisha mimi. Pistoni ilirudi yenyewe kwa mlio mdogo nilipoiachia. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Kwa hiyo mwili yangu haikukataa?" dada aliuliza.

"Haikukataa, mdogo wangu. Ni mkono wangu."

Alilia. Nilijua kwamba analia kwa sababu jicho la kulia nalo lilitoa machozi.

Mama yeye hakulia. Aliweka ungo chini. "Wewe ulivuta nguvu sababu gani?" aliuliza.

"Haraka, mama."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nilikwenda wapi nilipomaliza sirinji zile nne? Nilikwenda kunawa mikono. Mama aliinuka akaniambia maneno mengi, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikakwa, lugha ya kwao, Kiswahili kilipomwishia. Alisema alimlisha mtoto miezi sita kwa mkono wake. Alisema kila alipoliona shavu likishuka tena alidhani ni maziwa yake aliyomnyonyesha yaliyokuwa na kasoro, na alisali juu ya jambo hilo. Alisema mimi nilimwona barazani akiuliza, nikamjibu kwa mgongo. Yote yalikuwa kweli. Niliinamisha kichwa nikayapokea, na mtu anayenijua atashangaa kwamba sikukatiza hata mara moja.

Alipotua nikasema kwamba daktari yupo siku nane zilizobaki, halafu hatarudi. Paja la pili halijaguswa. Si nono kama la mwanzo, amepungua, lakini panatosha kama litavutwa sawasawa.

"Nani atavuta?" mama aliuliza.

"Daktari mwenyewe."

"Hapana," dada akasema. Alikuwa anajifuta uso kwa kipande cha sare ya shule. "Avute huyu."

"Huyu?" mama alisema. "Huyu huyu?"

"Huyu anajua namna inaharibika. Mwingine hajui."

Mama alituangalia wote wawili kana kwamba tumelewa. Lakini siku ya tatu walishuka hospitalini, yeye mbele, na alinipita kwenye mlango wa wodi bila salamu.

Safari hii daktari hakuning'iniza shuka. Alisema anataka kuiona mikono yangu, na nilimwambia kwamba mimi pia nataka aione. Nilichagua sirinji ndogo zaidi, kwa kuwa ndogo ina nguvu ndogo hata mtu akijisahau. Nikatia dawa ya ganzi, nikangoja dakika zote alizotaja, sikuiba hata moja. Kisha nikavuta pistoni upana wa ukucha nikaishikilia. Mafuta hayakuja. Nikapeleka mrija mbele na nyuma, mbele na nyuma, na bado hayakuja, na mkono wangu wote ulikuwa ukiniomba nivute. Ilikuwa kama kuzuia chafya. Halafu yakatokea, punje kwa punje, yakapanda kwenye plastiki bila kelele.

Daktari alimaliza kubandua kovu zamani kabla yangu. Alikaa kwenye kiti akafunika jeraha kwa shashi yenye unyevu, akangoja. Muuguzi wa usingizi alingoja. Nje benchi ilijaa watu, nao walingoja. Kidole changu cha kati kilikufa ganzi, nikabadilisha mkono, nikaendelea. Nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Hakuna aliyeniambia niharakishe, na nilijisikia vibaya zaidi kwa kuwa hakuna aliyesema.

Tulipozisimamisha kwenye mchele na robo saa kupita, daktari aliinua moja kwenye taa. Juu palikuwa na utando mwembamba tu, chini maji mekundu kidogo, na katikati kote ni mafuta yaliyokaa pamoja. Alinipa niishike mwenyewe.

"Hii iko muzima," alisema.

Alimaliza siku zake akaondoka. Dada alikaa nasi siku kumi akarudi Midia, shavu limevimba, jicho limefunga kwa uvimbe, na sikujiruhusu kufurahi kwa kuwa mara ya kwanza pia lilifunga. Hesabu yangu ilikuwa mwezi wa nne. Daktari aliniachia rula ndogo ya chuma na maelezo: pima pengo la kope, ushike kovu kwa vidole viwili ujaribu kulisogeza juu ya mfupa. Likisogea, limepona. Likikataa kusogea, basi, na hakuna mwingine wa kumpelekea.

Mwezi wa nne ulipofika nilipanda tena gari la chanjo. Baiskeli ilinifikisha Midia baada ya adhuhuri, jua kali, na uani palikuwa kimya. Cherehani ilikuwa barazani imefunikwa kitambaa. Nikadhani ameshindwa kushona. Nilipiga hodi kwa sauti ya chini, na mama akatokea mlangoni, akaweka kidole mdomoni mwake kabla sijatoa salamu. Kisha akanishika mkono, yule aliyenipita mlangoni mwa wodi bila salamu, akaniingiza ndani.

Dada alikuwa amelala mkekani, chali, usingizi mzito wa mtu aliyeshona tangu alfajiri. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefungwa. Kope ya chini ya jicho la kushoto ilikuwa imekutana na mwenzake, kavu, na shavu chini yake lilipanda na kushuka kidogo kwa pumzi. Nilitoa rula kwenye mkoba, nikapiga goti.

"Usimuguse," mama alininong'oneza. "Mwache. Angalia tu."

Nikarudisha rula. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka, tukakaa bega kwa bega tukimtazama. Baada ya muda akasema, bila kunigeukia:

"Ile siku ya kukimbia, watu walisema tupite porini. Mimi ndiyo nilisema tupite barabara, iko karibu. Nilitaka tufike haraka." Alimfukuza nzi juu ya uso wa binti yake. "Tangu ile siku, mimi nikilala, ile jicho iko inaniangalia. Kila siku. Miaka kumi na nne."

Tulikaa vile hadi adhana ya alasiri ilipotoka upande wa madukani, na dada akafumbua macho, akatukuta tumekaa, akauliza kwa nini hakuna aliyempa sista maji.